Chafya Iliyoishusha Timu Daraja

Sehemu ya nne

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, habari ni hii. Jafar, refa wa ligi kuu na muuza viatu vya mitumba pale soko la Owino, Kampala, alikabidhiwa filimbi dakika za mwisho achezeshe mechi ya Kyebando Umoja na Kigumba Rovers, kwa sababu refa aliyepangwa alikwama kwenye foleni ya magari Ntinda. Kyebando walihitaji sare tu wabaki ligi kuu. Dakika ya themanini na tisa, bado bila kwa bila, Jafar akatoa penalti. Kigumba wakafunga. Kyebando wakashuka daraja, Kigumba wakabaki.

Jafar mwenyewe anaishi Kyebando.

Tulimwacha amelala kifudifudi chini ya turubai la kibanda chake, marundo ya viatu yakiwa mgongoni, na mashabiki wakiuliza kila jirani, "Lefa yuko wapi?"

Watu wa Owino hawamtoi mwenzao. Walijibu kwamba amesafiri. Mmoja akaongeza kuwa amekwenda Kigumba kutazama shamba alilozawadiwa. Alisema hivyo kwa nia njema, ili uongo ukolee. Kufika adhuhuri shamba lile lilikuwa na ekari kumi na kisima cha maji.

Shamba halikuwapo. Hakuna aliyempa Jafar hata chupa ya soda. Ukweli ulikuwa mbaya kuliko rushwa, na ndiyo maana hakuwa amemwambia mtu.

Siku ile mistari ya uwanja ilikuwa imechorwa upya kwa chokaa, na waliochora hawakubana matumizi. Kona ikapigwa, wachezaji wakarukiana, vumbi jeupe likapanda. Jafar alikuwa na filimbi mdomoni. Wakufunzi wamemwambia kwa miaka kumi na sita: filimbi ishike mkononi, usikimbie nayo mdomoni. Yeye aliona hayo ni maneno ya kuambiwa wanafunzi.

Akapiga chafya.

Filimbi ikalia kwa ukali ambao hajawahi kuufikia kwa makusudi. Alipofumbua macho, wachezaji wote walikuwa wamesimama, wanamtazama.

Angeweza kusema, "Samahani, nimepiga chafya," akaudondosha mpira chini na mchezo ukaendelea. Sheria inaruhusu. Watu wangecheka, wangesahau. Lakini uwanja ulikuwa kimya, simu zimeinuliwa, naye akajiona akiitwa Refa Chafya mpaka siku ya kuzikwa. Mkono wake ukanyooka wenyewe, ukaonyesha mahali pa kupigia penalti.

Televisheni siku hiyo ilikuwa uwanja mwingine, kwenye mechi ya ubingwa. Na wenye simu walikuwa upande wa pili. Wote walimpiga picha refa, hakuna aliyepiga picha mpira.

Basi alasiri ile mashabiki walipochoka kumtafuta, Jafar alitoka chini ya viatu, akapanda bodaboda na kofia ngumu kichwani, kioo ameshusha, akarudi nyumbani kama mwizi anayeingia kwake.

Mkewe Hasifa alikuwa sebuleni akisuka kawa ya rangi, kazi aliyofundishwa na bibi zake Wanubi. Hakuinua kichwa.

"Baba Taqwa," akasema, "niambie kabla watu hawajaniambia. Walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu."

"Basi uliona nini?"

Jafar akavua kofia. Siku nne alikuwa amebeba jambo lile peke yake, na siku nne ni nyingi.

"Sikuona kitu. Nilipiga chafya."

Kawa ikawekwa chini. "Ulipiga nini?"

"Chafya. Filimbi ilikuwa mdomoni."

Hasifa akamtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize mzaha. Mzaha haukuisha.

"Nimeishi nawe miaka kumi na minne," akasema. "Siku zote nilijiambia, kama mume wangu atanidanganya, angalau atanidanganya kwa heshima. Timu ya ndugu yangu imeshuka, watoto wa mtaa wanamzomea Taqwa akienda shule, halafu wewe unaniletea chafya?"

Alimpa mgongo. Kwa mara ya kwanza Jafar alikuwa amesema kweli, na kweli imemtia hatiani kuliko kunyamaza.

Alifikiri hapo ndipo mwisho wa aibu. Asubuhi yake, saa tatu, lori likasimama mlangoni.

Lilikuwa lori la buluu na nyeupe, limeandikwa ubavuni KIGUMBA ROVERS kwa herufi zinazosomeka kutoka barabara kuu. Juu yake palikuwa na magunia kumi na mawili ya mahindi, na juu ya mahindi alikaa mwenyekiti wa Kigumba, Bwana Guerschom, amevaa suti.

"Mzee ya haki!" akapaza sauti. "Toka nje tukushukuru!"

Jafar alitoka mbio kwenda kumnyamazisha. Milango ya mtaa mzima ilikuwa imefunguka.

"Rudisha hayo mahindi, Mwenyekiti. Rudisha sasa hivi!"

"Kwa nini, baba? Mbele ya mechi hatukukupa kitu. Mimi nilikushtaki hata kwa kamisaa. Nilisema, huyu refa ni mtu ya Kyebando, leo tumeuzwa. Nilikutukana, na Mungu alinisikia. Halafu wewe ukasimama na haki, mbele ya watu yako mwenyewe. Miye nilikosa usingizi."

"Unataka waseme ni rushwa?"

"Hapana. Rushwa inakuja mbele. Hii imekuja nyuma."

"Rushwa haina mbele wala nyuma!"

"Basi iite sadaka," akasema Guerschom, na akawaamuru vijana wake washushe.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la vipuri vya pikipiki. Mwenyewe ni Dawudi, mwenyekiti wa mashabiki wa Kyebando Umoja, ambaye tangu ile siku hajawahi kumjibu Jafar salamu. Alisimama kwenye kibaraza chake, mikono kiunoni, akihesabu magunia.

"Banange, jamani!" akawaita majirani. "Mmeona? Ile shamba ya lefa imeshaanza kuvunwa!"

Watu wakacheka, simu zikainuliwa. Kufika saa sita picha ya Jafar akisukumana na gunia ilikuwa imezunguka Kampala nzima. Ilionekana wazi kwamba anaingiza gunia ndani. Alikuwa analitoa.

Jafar alipiga simu kamati ya ligi mwenyewe, akaripoti zawadi ile kabla hajaripotiwa. Wakamshukuru kwa uaminifu wake. Jioni barua ikaja: aende Ntinda Alhamisi saa nne asubuhi kujibu tuhuma za kuuza mechi, na aje na gunia moja kama kielelezo.

Kesho yake mchana, Hasifa akiwa jikoni hasemi naye, mlango wa nyuma ukagongwa.

Alikuwa Abdul-Latif. Huyu ni mdogo wake Hasifa, beki wa kati wa Kyebando Umoja, jezi namba tano, mtu wa kifua kama kabati. Siku ya mechi ndiye aliyelia kuliko wote. Alipiga magoti mbele ya refa, akaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba hakuna kosa lililotendeka, na akapewa kadi ya njano kwa kuapa.

Jafar alirudi hatua moja nyuma. Alijua siku ya kipigo itafika, ila hakutegemea itapitia mlango wa jikoni.

"Shemeji," akasema Abdul-Latif, "twende sebuleni. Funga mlango."

Wakakaa. Beki alitazama mikono yake mikubwa, akaigeuza, akaitazama tena.

"Uliona vipi?" akauliza.

"Niliona nini?"

"Usinitese, shemeji. Unajua ninachosema. Mkono wangu."

Jafar hakujibu, kwa kuwa hakuwa na la kujibu. Abdul-Latif aliuchukua ule ukimya kuwa ni wa hakimu.

"Niliugusa mpira kwa ncha za vidole tu. Hivi. Nyuma ya mgongo wa yule mshambuliaji wao. Ungenipita, ulikuwa unamfikia kichwani, na golini hapakuwa na mtu. Mshika kibendera hakuona. Kipa wangu hakuona. Kocha analia mpaka leo kwamba tumeonewa. Wewe ulikuwa mbali, na mbele yako kuna ukuta wa watu. Nimekaa wiki nzima najiuliza, huyu mtu ana macho gani?"

Kwanza Jafar alisikia wepesi mwilini, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakumdhulumu mtu! Penalti ilikuwa halali! Kyebando walishuka kwa haki, kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa yeye mwenyewe, ambaye alikuwa amefumba macho.

Hapo ndipo ungetegemea mtu mzima amwambie shemeji yake, "Sikuona kitu, nilipiga chafya." Jafar alikuwa ameshajaribu chafya mara moja chini ya paa lile, na akakumbuka ilivyopokewa. Tena huyu kijana alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hakuna mchezaji amewahi kumtazama nayo refa.

"Ni mazoea," akasikia sauti yake ikisema. "Ukichezesha miaka mingi, unaona."

Abdul-Latif akatikisa kichwa kwa heshima. Halafu uso ukamkunjika, lile pande la mtu likaanza kulia.

"Kuna timu ya Dar es Salaam imeniita majaribio mwezi ujao. Nina miaka ishirini na tisa, shemeji. Sitaitwa tena. Ikijulikana kwamba timu imeshuka kwa mkono wangu, na nikaapa kwa jina la baba juu yake, kina Dawudi hawataniacha nitoke Kyebando na miguu miwili. Kwenye ripoti uliandika namba yangu?"

"Niliandika kosa ndani ya eneo la hatari. Namba sikuandika."

Asingeweza kuiandika. Lakini hilo hakulisema.

"Usiiandike. Nakuomba."

Jafar alimwangalia. Alimjua tangu akiwa mtoto wa shule anayeiba viatu vya mpira kibandani, anavirudisha Jumatatu vikiwa na matope. Alimpa mkono.

"Sitasema. Habari ya mkono wako imeishia hapa."

Abdul-Latif aliondoka kwa mlango ule ule wa nyuma. Jafar alipogeuka, Hasifa alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

"Umesikia?" Jafar akauliza.

"Nimesikia."

"Mama Taqwa, sikiliza..."

"Usiseme kitu. Nimekuelewa."

"Umeelewa nini?"

"Nimekuelewa, Baba Taqwa. Kaa ule."

Akamwandalia wali na nyama ambayo haikuwahi kuonekana nyumbani mle tangu Idi. Jafar alikula. Mwanamume anayependwa ghafla na mkewe baada ya wiki ya kununiwa haulizi maswali mengi. Angeuliza, tusingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Alhamisi ikafika. Kamati ilikutana ghorofa ya pili Ntinda, juu ya duka la dawa. Jafar alipanda ngazi akiwa na gunia begani kwa sababu barua ilisema hivyo, na kila aliyepishana naye alimuuliza bei.

Mbele alikaa mwenyekiti wa kamati, wakili Nakhisa, mama mwenye miwani na sauti ndogo ambayo watu walikuwa wakikaza masikio kuisikia. Kushoto alikaa Guerschom na suti yake. Kulia Dawudi na viongozi wa Kyebando Umoja, nyuso zimekunjwa.

"Bwana Jafar," akaanza Nakhisa, "mahindi tutayajadili baadaye, maana umeyaripoti mwenyewe. Nataka penalti. Na nataka wote mnielewe. Kosa la macho halirudiwi. Refa akiona vibaya, ameona vibaya, mechi imekwisha. Lakini refa akivunja sheria ya mchezo yenyewe, mechi inachezwa upya. Kwa hiyo nakuuliza, na karani anaandika. Uliona nini?"

Jafar alikuwa amelipima swali hilo usiku na mchana. Akisema aliona mkono, atabaki refa, tena refa wa kusifiwa. Lakini swali litakalofuata ni mkono wa nani, na hapo safari ya Dar es Salaam imekufa. Akisema chafya, mechi itarudiwa. Kyebando watapata nafasi, Abdul-Latif atasafiri, na yeye atapoteza filimbi na jina. Na juu ya yote, chafya ilikuwa kweli. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa nusu tu ya kweli.

Akasimama.

"Sikuona kitu, Mheshimiwa."

Karani akaandika.

"Nilikuwa nimeweka filimbi mdomoni. Vumbi la chokaa likaniingia puani. Nilipiga chafya, filimbi ikalia. Niliona aibu kusema. Nikaonyesha penalti ili nisichekwe."

Aliposema neno la mwisho, walicheka. Karani alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Hata Nakhisa alifunika mdomo kwa faili. Jafar alisimama pale akasubiri, masikio yakimwaka, na akashangaa kwamba bado anapumua. Alichokikimbia kwa kushusha timu nzima hakikuzidi nusu dakika.

Dawudi ndiye wa kwanza kuelewa maana yake. Aliruka kutoka kwenye kiti.

"Kosa ya sheria! Mechi inarudiwa! Banange, lefa amesema mwenyewe!" Akamkimbilia Jafar, akamkumbatia, akaushika mkono wake akauinua juu. "Huyu mtu ya kweli! Huyu mtu yetu, ya Kyebando!"

"Mheshimiwa, hapana!" Guerschom naye akasimama. "Hii ni mchezo gani? Timu inabaki ligi kuu, halafu inatolewa na chafya?"

"Ililetwa na chafya," akajibu Dawudi.

"Kaeni," akasema Nakhisa. Akachukua kalamu. "Kama hakuna shahidi mwingine, kamati..."

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

Aliyeingia ni Abdul-Latif, kavaa kanzu safi kama anakwenda msikitini. Nyuma yake, akimsukuma kwa kiganja mgongoni, aliingia Hasifa.

Jafar akatikisa kichwa kumwashiria shemeji yake arudi. Shemeji hakumtazama.

"Mimi ni namba tano wa Kyebando Umoja," akasema. "Mkono ni wangu. Niligusa mpira ndani ya eneo la hatari. Refa aliona vizuri, penalti ilikuwa halali. Niliapa uongo mbele yake, na leo nafuta."

Dawudi aliukaza mkono wa Jafar aliokuwa bado ameushika.

"Refa anasema hakuona," Nakhisa akasema polepole. "Anasema alipiga chafya."

Abdul-Latif akageuka, kweli kashangaa. "Chafya gani? Mwenyewe aliniambia aliona. Akasema ni mazoea."

"Mheshimiwa," Hasifa akasema kabla hajaruhusiwa, "hakuna chafya. Mimi ni mke wake. Huyo aliona, ila amefunga mdomo ili kumstiri ndugu yangu. Hiyo chafya alianza kunisimulia mimi, sikumwamini, nikamnunia, kumbe anabeba aibu ya nyumbani kwetu. Nimemwambia ndugu yangu, mwanamume hawezi kuachwa apoteze kazi yake kwa ajili ya vidole vyako. Twende ukaseme."

Alimtazama mumewe kwa fahari. Jafar alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo katika miaka yote kumi na minne, na hakustahili hata chembe yake.

"Mama Taqwa," akanong'ona, "nilipiga chafya kweli."

"Nyamaza, mume wangu. Umeshafanya ya kutosha."

Nakhisa aliwapa ishara wote wakae. Akabaki anamtazama mmoja tu.

"Nina chafya na nina mkono," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Vyote viwili huenda ni kweli, siku hizi sishangai kitu. Lakini nina swali moja, Bwana Jafar, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Ulipokuwa unapanda zile ngazi kuja hapa, ulikuwa umeshajua habari za mkono wa shemeji yako?"

Dawudi bado alikuwa ameushika mkono wake. Guerschom alikuwa ameinama mbele. Abdul-Latif alitazama sakafu, Hasifa alitabasamu kumpa moyo.

Hapana ingekuwa rahisi. Ingemtosha kila mtu mle ndani.

"Nilijua," akasema Jafar. "Tangu juzi."

Dawudi akauachia mkono.

Nakhisa akafumba faili, akavua miwani, akamwambia karani afunge mlango na mtu yeyote asitoke.

"Basi tunaanza upya," akasema. "Bwana Jafar, sogeza kiti chako uje huku mbele. Mpaka sasa nilikuwa nakuhesabu shahidi."